Mzazi na Shule ya Sekondari: Habari za Mwanza na Mwambao wa Ziwa

Neno mzazi lilikuwa na maana mbili katika Kiswahili cha zamani, na kamusi za mwanzo zilizitaja zote. Ya kwanza ni baba au mama wa mtu. Ya pili ni mwanamke aliyejifungua siku za karibu, angali ndani akitunzwa. Maana hii ya pili leo yasikika zaidi hospitalini, katika wodi ya wazazi. Na ile ya kwanza imepata makao mapya shuleni, katika kikao cha wazazi, mchango wa wazazi, na ule mstari wa mwisho wa ripoti ungojao sahihi ya mzazi au mlezi. Mtu akisikia Igoma au Nyegezi au Sengerema kwamba wazazi wameitwa, haulizi wameitwa wapi. Ajua ni shuleni. Liulizwalo ni wameitwa kufanya nini, na aghalabu jibu lake ni fedha.

Makala hii yafuata historia ya mwito huo katika Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria, toka shule za kwanza za wamisionari mpaka shule za sekondari za kata. Imesemwa mara nyingi kwamba wazazi wa pande hizi hawajali masomo ya watoto wao, na kwamba ng'ombe, pamba na samaki vimewashinda. Mwandishi haoni kuwa historia yathibitisha neno hilo. Historia yaonyesha kwamba mzazi aliitwa kwa mkono wake na kwa mfuko wake, naye mara nyingi akaitika. Ila kwa maarifa yake hakuitwa, na mlango uliomwacha nje ulikuwa wa lugha kuliko wa kitu kingine cho chote.

Yafaa kukumbuka kwanza kwamba kufundisha hakukuja na shule. Methali ijulikanayo na watu wote yasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Msemaji wa Kiswahili hasemi "asiyefundishwa na mamaye", ijapokuwa funza na fundisha ni ndugu, watoto wa kitenzi kimoja, funda, ambacho chaishi mpaka leo katika kumfunda mwali. Mama hufunza, mwalimu hufundisha. Lugha yenyewe imegawa kazi, na imempa mzazi fungu la kwanza.

Katika Usukuma fungu hilo lilitimizwa penye shikome, moto wa jioni uwashwao uani, ambapo wazee na wavulana waliketi pamoja. Hapo kijana alisikia nasaba za ukoo, vitendawili, habari za watemi, na dalili za mvua na maradhi ya ng'ombe. Alipopata nguvu aliingia katika elika, kundi la vijana walimao mashamba kwa zamu wakiongozwa na nsumba ntale. Kwa upande wa visiwani tunacho kitabu cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe (1896–1981), aliyesomeshwa na wamisionari wa Kikatoliki mpaka seminari ya Rubya. Hadithi yake ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo haikuchapishwa mpaka mwaka 1980. Ni habari ya mume na mke waliohangaika kupata mtoto. Lakini njiani mwandishi aeleza kilimo, uvuvi, dawa, adabu ya mkwe na ya mgeni, kwa utulivu wa mtu asiyetaka kitu kipotee. Huenda Kitereza aliipamba kidogo dunia ya babu zake. Hata hivyo jambo moja ni wazi katika kurasa zake: mzazi ndiye ajuaye. Mtoto huuliza, mkubwa hujibu. Mpango huo ndio uliopinduliwa na shule.

Mapadre Weupe walipoondoka Buganda mwishoni mwa mwaka 1882, walivuka ziwa pamoja na watoto waliokuwa chini ya ulinzi wao, na mwaka 1883 wakajenga Bukumbi, kusini ya Mwanza. Wengi wa watoto wale walikuwa wamekombolewa utumwani. Msomaji na atie jambo hili moyoni: masomo ya kwanza ya pande hizi yalianza na wanafunzi wasiokuwa na baba wala mama karibu. Hapakuwa na haja ya kumwita mzazi, kwa kuwa padre alikuwa ndiye mzazi. Miaka mitano baadaye, 1888, Waanglikana wa Church Missionary Society walianza kazi Nassa, kwenye Ghuba ya Speke. Mwaka 1909 kituo hicho kilikabidhiwa Africa Inland Mission. Huko wanafunzi walikuwa watoto wa vijiji vya jirani, na mzazi alikuwa hai mlangoni. Alitazamwaje?

Kitenzi kusoma chatoa jibu. Katika Luganda okusoma ni kusoma, na pia ni kusali. Na waliofuata dini mpya katika Buganda waliitwa wasomaji. Maana hiyo ilizunguka ziwa pamoja na makatekista. Mzee wa kando ya ziwa aliposema zamani "mwanangu anasoma", alisema mambo mawili kwa neno moja: kwamba mtoto ajifunza herufi, na kwamba ameacha mizimu ya nyumbani. Basi baba aliyemzuia mwanawe asisome hakuwa akikataa elimu tu kama wengi walivyoandika. Alikuwa akijiuliza nani atamtambikia atakapokufa. Mwenye kulitazama hivyo atasita kumwita mjinga.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza serikali ya Waingereza ilishika mpango wa kuwasomesha kwanza wana wa watemi, na shule ya Tabora iliyofunguliwa mwaka 1925 ilikuwa kwa ajili hiyo. Hapa mzazi aliitwa, lakini kwa cheo chake, si kwa uzazi wake. Mtemi aliyempeleka mwanawe Tabora alikuwa akitimiza shauri la Bwana Shauri na kulinda kiti cha ukoo. Mfano ulio bora kuliko yote watoka Butiama, katika nchi ya Wazanaki, mashariki ya ziwa. Mwaka 1934 Mtemi Nyerere Burito, mzee asiyepitia shule yo yote, alimpeleka mwanawe Kambarage, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, katika shule ya Mwisenge, Musoma, safari ya maili 26. Mwaka 1937 mtoto akaenda Tabora. Burito akafariki mwaka 1942, mwanawe hajaona Makerere. Ulimwengu wajua mwanafunzi yule alikuwa nani baadaye. Lakini kwa shauri letu tumtazame baba. Alifanya nini katika masomo ya mwanawe? Alimtoa. Baada ya kumtoa hakubakiwa na kazi nyingine ila kungoja likizo. Hakuweza kukagua daftari, wala hakuna aliyetazamia aweze. Kwa desturi ya shule za bweni za zamani hili halikuwa kasoro, lilikuwa ndilo kusudi: mtoto atengwe na nyumba yake mpaka ageuke mtu mwingine.

Mpango wa miaka kumi wa elimu ya Waafrika, ulioanza mwaka 1947, uliweka ngazi tatu za miaka minne minne: shule ya msingi, shule ya kati, na sekondari. Kila penye ngazi palikuwa na chekeche, na matundu yake yalikuwa membamba. Katika Jimbo la Ziwa shule za sekondari zilikuwa za kuhesabika kwa vidole: Bwiru ya serikali, Nsumba ya Wakatoliki, na Ihungo huko Bukoba. Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata Uhuru, wanafunzi wote wa sekondari katika nchi nzima walikuwa 11,832, na wa kidato cha sita walikuwa 176 tu. Hesabu hizi Mwalimu Nyerere alizitaja mwenyewe mwaka 1967. Kwa hiyo mzazi wa sekondari alikuwa mtu wa nadra katika kijiji. Mtoto wake alijulikana na tarafa nzima, na baba mwenyewe hakujua mtoto afanya nini huko aliko.

Alichojua barabara ni karo. Na hapa yapasa kueleza jambo ambalo watu wa mjini hulisahau. Fedha ya Msukuma wa miaka ya 1950 ilikuwa pamba, na pamba ya Usukuma hupandwa mwanzoni mwa mvua, kuelekea mwisho wa mwaka, ikavunwa na kuuzwa katikati ya mwaka ufuatao. Shule hufunguliwa Januari. Mzazi alipokea fedha yake karibu miezi sita kabla ya karo kudaiwa, na katika miezi hiyo zilipita harusi, misiba, kodi ya kichwa na njaa ya Novemba. Mwenye ng'ombe aliuza ng'ombe. Asiye na ng'ombe alikopa kwa mwenye duka. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya Paul Bomani, na mkulima akaanza kupimiwa pamba yake na karani aliye mwana wa kijiji. Wengi wa makarani wale walikuwa wamesoma shule ya kati. Pengine hapo ndipo mzazi wa Usukuma alipoona mara ya kwanza, kwa macho yake mwenyewe na penye mizani, faida ya mtoto aliyesoma: hapunjwi.

Mwaka huo huo wa 1955 chama cha TAPA, yaani chama cha wazazi wa Kiafrika wa Tanganyika, kilianzishwa kikiwa bega kwa bega na TANU. Kilijenga shule za miti na majani mahali ambapo serikali na misheni hazikufika, nyingi bila kuandikishwa, na mishahara ya walimu ikitoka katika michango ya wanachama. Wakaguzi walizidharau, na kwa kipimo cha vitabu na vyeti walikuwa na haki. Lakini jina la chama lastahili kuangaliwa na watu wa lugha. Wanachama wangaliweza kujiita wenyeji, wananchi au wazee. Walijiita wazazi, na kwa kufanya hivyo walilitoa neno uani wakalipeleka katika siasa. Katika Jimbo la Ziwa, ambako TANU yenyewe ilikatazwa kufanya kazi toka mwaka 1954 mpaka 1958, kusema "sisi wazazi" kulikuwa na uzito ambao serikali haikuweza kuupiga marufuku kwa urahisi. Baada ya CCM kuzaliwa mwaka 1977 TAPA ikageuka Jumuiya ya Wazazi, na shule za sekondari za Wazazi zikaenea nchini katika miaka iliyofuata. Jumuiya hiyo yaweza kusifiwa kwa majengo yake. Kama mzazi wa mwanafunzi fulani alipata sauti zaidi katika shule ya Wazazi kuliko katika shule ya serikali, hilo ni jambo jingine.

Serikali huru iliondoa ada za sekondari mwaka 1964. Tendo hili lilikuwa la haki, na watoto wengi wa wakulima wasingalisoma bila hilo. Lilikuwa na upande wa pili: fedha ndiyo iliyokuwa kamba pekee kati ya mzazi na shule ya sekondari, na ilipokatwa hapakufungwa kamba nyingine. Mtoto alichaguliwa na serikali, akalishwa na serikali, akapelekwa mkoa wo wote uliopenda serikali, ili vijana wa makabila mbalimbali wajuane. Mtoto wa Magu alisoma Songea, wa Songea akasoma Mwanza. Umoja wa taifa ulifaidika, wala mwandishi hataki kuupunguza umoja huo. Lakini ni vigumu kumtaka baba wa Magu ahudhurie kikao Songea.

Mwalimu Nyerere mwenyewe aliona hatari. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, alilalamika kwamba shule zawafundisha watoto kuona kuwa maarifa yote ya maana hutoka katika vitabu na kwa wasomi, na kwamba mzee asiyesoma hana la kuwafundisha. Aliyeandika hayo alikuwa mwana wa Burito. Dawa aliyoitoa ilikuwa shamba la shule: shule iwe jamaa inayolima na kujitegemea, karibu na maisha ya wazazi. Mashamba yalilimwa. Katika shule nyingi, hata hivyo, shamba liligeuka kazi ya adhabu, na mkulima wa jirani aliyeijua ardhi ile hakuitwa kusema lo lote juu ya mbegu wala majira. Miaka saba baadaye, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, kando ya ziwa hili hili, ikatoa Azimio la Musoma, ambalo liliharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977. Wazazi waliitwa tena, kwa matofali na maji na miti, nao wakaja. Watoto wakajaa shule za msingi. Sekondari zikabaki chache vile vile.

Fasihi nayo imelishuhudia jambo hili, na shahidi wake mkubwa ni mtu wa Ukerewe. Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alizaliwa Namagondo, akasoma Nyegezi Seminari, na mwaka 1971 akatoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Rosa ni binti wa kisiwani aliyepata nafasi ya kusoma sekondari Mwanza. Baba yake, Zakaria, aliwahi kuwa mwalimu; sasa ni mlevi, na ulinzi wake kwa binti ni kiboko na hofu. Amwadhibu bila huruma kwa sababu ya barua ya kijana. Rosa atokapo chini ya ukali ule na kuingia katika uhuru wa shule, hana kitu ndani yake cha kumwongoza, na hadithi yaenda inakoenda. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa muda, kisha baadaye kikasomeshwa. Wahakiki wengi wamekisoma kama onyo kwa wasichana. Mwandishi wa makala hii hukisoma kama uchunguzi wa mzazi. Zakaria si mzazi asiyejali. Ajali kupita kiasi, ila hana njia ya kujali isipokuwa kulinda geti. Akiwa mtu aliyewahi kushika chaki, angaliweza kumwuliza Rosa amejifunza nini. Namagondo ya kitabu hicho ina wazazi waulizao mtoto ametoka wapi na alikuwa na nani; aulizaye juu ya masomo haonekani.

Ada zilirudi katikati ya miaka ya 1980, wakati wa ukata. Kisha ukaja mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa mwaka 2004, uliobadili sura ya nchi kuliko jambo lo lote tangu Uhuru. Kila kata ilitakiwa kuwa na shule yake. Wananchi wajenge kuta, serikali isaidie kuezeka na kuleta walimu. Ada ya shule ya kutwa ilishushwa kutoka shilingi 40,000 mpaka 20,000 kwa mwaka. Shule za sekondari nchini, ambazo mwaka 2003 zilikuwa kidogo zaidi ya 1,000, zilizidi 4,000 mwaka 2010. Katika Misungwi, Kwimba, Magu, Sengerema na Ukerewe, mawe yalisombwa kwa matela na kwa vichwa vya akina mama, mchanga ukatoka ziwani, na mtendaji wa kata akazunguka na daftari la majina ya wasiotoa mchango. Neno mchango, ambalo asili yake ni kuchanga kwa hiari katika harusi au msiba, likaanza kutajwa pamoja na faini. Wenye kuchunguza mabadiliko ya maana za maneno wana kazi hapo. Ada lilipita njia kama hiyo zamani zaidi: kwa asili ni desturi, kisha malipo ya desturi, kisha malipo tu.

Shule ya kata ilimrudisha mtoto nyumbani. Mwanafunzi wa sekondari alilala chini ya paa moja na wazazi wake, akatumwa maji, akachunga, akaenda dimbwini na mwaloni, na asubuhi akavaa sare. Laiti pangalikuwa na wakati wa mzazi kuingia katika masomo, ulikuwa huo. Lakini kata za visiwani na za mbugani ni kubwa, na wanafunzi wengi walitembea mwendo mrefu. Wengine wakapanga vyumba karibu na shule, watatu wanne pamoja, bila mtu mzima. Vyumba hivyo huitwa geto, neno lililotoka mijini na kuingia katika Kiswahili cha shule. Mtoto wa geto ni wa bweni bila mlezi, na wa kutwa bila mzazi. Mabinti ndio walioumia zaidi kwa jambo hilo. Katika mialo ya wavuvi, tangu biashara ya sangara ilipopanda na viwanda vya minofu kufunguliwa Mwanza katika miaka ya 1990, fedha ilionekana kila usiku wa giza, na kijana wa kidato cha pili aliweza kupata kwa dagaa wa wiki moja kitu ambacho mwalimu wake alikingoja mwezi mzima. Kumlaumu mzazi peke yake kwa utoro wa mahali kama hapo ni kutazama mtumbwi bila kutazama upepo.

Kisha ukaja mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, ambao matokeo yake yalitangazwa mwezi Februari 2013: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Matokeo yale yalipangwa upya baadaye, lakini wazazi walikuwa wameyasikia. Waliojenga kwa mikono yao shule zile waliuliza walichojenga ni nini.

Mwishoni mwa mwaka 2015 Waraka wa Elimu Na. 5 uliondoa ada na michango mpaka kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Rais aliyeliagiza hilo, John Pombe Magufuli, alikuwa mtu wa Chato, upande wa magharibi wa ziwa; alisoma Lake Secondary, Mwanza, na katika ujana wake alifundisha katika shule ya sekondari ya Sengerema. Aliijua michango kutoka pande zote mbili za meza. Wazazi walifurahi, na madarasa yakajaa. Lakini wako waliofahamu waraka kwa maana iliyozidi maandishi yake, kwamba sasa mtoto ni wa serikali. Ikabidi mwaka 2016 utoke waraka mwingine, Na. 3, kueleza kazi zilizobaki kwa mzazi: sare, madaftari, chakula, matibabu, na kusimamia mahudhurio. Januari 2018 Rais akakataza tena michango shuleni kwa ukali. Walimu wakuu wengi hulalamika kwamba tangu siku zile wazazi hawaji wakiitwa. Malalamiko hayo yana ukweli, nayo yana ungamo ndani yake: kama watu waliacha kuja fedha ilipoacha kudaiwa, basi kwa miaka yote ile hawakuwa wameonyeshwa sababu nyingine ya kuja.

Sasa twafika penye jambo la lugha. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Mama wa Kisesa aliyemaliza darasa la saba aweza kuketi na mtoto wa darasa la tano, akafuata hesabu ya sehemu, akasoma habari za mimea, akasahihisha imla. Mtoto akipanda kidato cha kwanza, katika muda wa likizo moja lugha ya masomo yageuka Kiingereza, na mama yule yule, ambaye hakupungukiwa akili katika likizo hiyo, ageuka mtu asiyejua. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliufungua tena mjadala, walakini mpaka leo Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia sekondari, isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe na, hivi karibuni, Historia ya Tanzania na Maadili.

Hoja juu ya lugha ya kufundishia imeandikwa mara nyingi katika majarida kama hili, na karibu kila mara mizani yake ni mwanafunzi na mwalimu: nani afahamu nini. Mzazi hakuwekwa katika mizani hiyo. Na akiwekwa, uzito wabadilika. Maana mwanafunzi, kwa taabu na miaka, hujipatia Kiingereza cha kutosha kujibu mtihani, mzazi hatakipata. Kwake yeye mlango ukifungwa kidato cha kwanza umefungwa moja kwa moja. Ripoti ya muhula yaletwa nyumbani, mara nyingi na majina ya masomo na maneno ya walimu kwa Kiingereza, naye asoma kitu kimoja tu, nacho ni nafasi: wa 43 kati ya 120. Atatia sahihi, na huenda akampiga mtoto kwa sababu ya 43 bila kujua kwamba katika baiolojia alipanda.

Wako watakaojibu kwamba mzazi asiye na Kiingereza hata kwa Kiswahili asingalijua kemia. Ni kweli kwa kemia. Lakini tazama mambo ambayo mtoto wa mwambao afundishwa. Katika historia ya sekondari hufundishwa vyama vya ushirika na harakati za Uhuru, na kile chama cha wakulima wa pamba chatajwa. Babu yake alipima pamba penye mizani ya chama hicho, naye aketi nje akiota jua. Katika jiografia hufundishwa kilimo cha nafasi ndogo na watu wengi, na kisiwa cha Ukara, kwa matuta yake, samadi yake na ng'ombe wafugwao ndani, kimeandikwa na wataalamu tangu enzi ya ukoloni kuwa mfano adimu katika Afrika ya Mashariki. Mtoto wa Ukara asoma habari za shamba la mama yake kwa Kiingereza, akiyakariri kama mambo ya nchi ya mbali, na jioni amsaidia kubeba samadi ile ile. Majani alishwayo ng'ombe zizini yana jina kwa Kikara, na mama alijua jina hilo kabla ya kuzaliwa mwalimu. Hakuna aliyemwambia kwamba yamo katika somo.

Kwa hiyo Bukumbi ya mwaka 1883 na shule ya kata ya leo zakaribiana kuliko tunavyodhani. Kule mtoto alisomeshwa bila mzazi kwa kuwa mzazi alikuwa mbali, katika nchi alikotekwa. Hapa mzazi yupo, umbali wa jiko na sebule. Ripoti za shule kadha huwa na mstari mmoja ulioandikwa "Maoni ya mzazi". Mwenye kutaka kuchunguza jambo hili zaidi angeanza na mistari hiyo: akusanye ripoti za zamani zilizobaki katika makabati ya shule za Magu na Ukerewe, aone mingapi imejazwa, kwa lugha gani, na kwa maneno gani, na mingapi ina alama ya dole gumba peke yake.